Nani Abaki, Nani Aondoke

Mwezi Juni 2020 bosi alinipa siku mbili nimpelekee majina matatu.

Dawati letu la michezo lilikuwa na watu tisa. Corona ilikuwa imekausha matangazo, ligi ndiyo kwanza inarudi baada ya kusimama karibu miezi mitatu, gazeti limepungua kurasa, na kila mwenye macho alijua kinachokuja. Nilikuwa naibu mhariri wa michezo, nina miaka 30, nusu mwaka tu tangu nirudi kutoka Marekani na shahada ya pili ya uandishi wa habari. "Wewe umesoma mambo haya," bosi alisema. "Fanya kitaalamu."

Nikafanya kitaalamu. Nilifungua Excel, nikapanga safu: jina, umri, mshahara, idadi ya habari kwa mwezi. Usiku ule, niseme ukweli, sikuwa na huzuni. Nilikuwa najiona kama Mike Rizzo.

Wengi wenu mnaopita hapa kusoma habari za riwaya hamna sababu ya kumjua Mike Rizzo. Alikuwa meneja mkuu wa Washington Nationals, timu ya besiboli ya mji mkuu wa Marekani, na majira ya baridi ya 2018 kuingia 2019 timu yake ilifanya jambo nililolishuhudia kwa karibu na nikadhani nimelielewa. Nataka kulieleza hapa, jinsi timu ya besiboli inavyopaswa kupanga kikosi msimu ukishaisha, kwa sababu nililielewa vibaya, na gharama ya kulielewa vibaya sikuilipa mimi.

Nilifika Maryland Agosti 2018. Nilipanga chumba College Park kwa mama mmoja wa Tanga aliyekuwa ameishi kule zaidi ya miaka 20, akihudumia wazee usiku na kulala mchana. Alikuwa anasikiliza besiboli redioni jikoni kama bibi yangu alivyokuwa anasikiliza taarabu, bila kukaa chini, huku anapika. Ndiye aliyenifundisha. Kutoka College Park unapanda treni ya mstari wa kijani, hubadilishi, unashukia uwanjani kabisa. Kwenye treni hiyo ndiko nilikosoma Moneyball, kitabu cha Michael Lewis cha 2003 kuhusu timu ya Oakland, iliyoondokewa na Jason Giambi na wenzake wawili kwa mpigo mwisho wa 2001, halafu ikashinda mechi 103 mwaka uliofuata. Mtu yeyote anayependa vitabu akikisoma kile anashuka kwenye treni akijiona meneja. Mimi nilishuka hivyo.

Kanuni nazipitisha haraka. Timu inacheza mechi 162 kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Oktoba ni ya mtoano, na fainali yake inaitwa World Series. Kuanzia Novemba hadi Februari hakuna mechi, na hapo ndipo kikosi kinapangwa. Klabu hailipi ada ya uhamisho kama tulivyozoea huku kwetu. Ama inabadilishana mchezaji kwa mchezaji, ama inamsaini mtu ambaye yuko huru. Na mkataba ukishasainiwa, hela ni ya mchezaji hata akivunjika mkono kesho yake. Hakuna habari za kumpa mtu "thank you" Instagram halafu mambo yakaisha. Ukimtema mwenye miaka minne mbele, unamlipa minne yote akiwa amekaa kwao anavua samaki.

Kanuni inayobeba nyingine zote ni ya miaka sita. Mchezaji akipanda kutoka timu za chini, anakuwa mali ya klabu yake mpaka atimize misimu sita ya ligi kuu. Mitatu ya mwanzo, kwa kawaida, analipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2019 kilikuwa dola 555,000. Baada ya hapo mshahara unapanda kwa njia ya usuluhishi, na akimaliza sita anaenda anakotaka. Kijana aliyeanza na miaka 23 anakuwa huru na 29, wakati wapigaji wengi wanafikia kilele chao baada ya miaka 25 na kuanza kushuka kabla ya kumaliza 30 au muda mfupi baadaye. Kwa hiyo mkataba mkubwa wa maisha yake unakuja pale mwili unapoanza kupinda kona. Anayelipa analipa kwa kuangalia kazi ambayo imeshafanyika, tena kwa klabu nyingine. Ukishalielewa hilo, umeelewa nusu ya kazi ya Rizzo.

Bryce Harper alikuwa kesi ya pekee kwa sababu alianza akiwa na miaka 19. Alipokuwa huru, Novemba 2018, alikuwa na 26 tu, amekwisha kuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2015, na amekaa Washington misimu saba. Iliripotiwa kwamba klabu ilimwekea mezani dola milioni 300 kwa miaka kumi, akakataa. Mama wa Tanga alikuwa upande wa Harper. "Mtu kakutumikia miaka saba," aliniambia, "unamwacha aende kwa jirani? Huo si uungwana, mwanangu." Kwa jirani kweli alikwenda. Philadelphia ni kama saa mbili na nusu kwa gari, na timu yake iko kundi moja na Washington. Miaka 13, dola milioni 330.

Watu wengi husimulia habari hii kama ya klabu iliyothubutu kumwacha nyota, na mimi ndivyo nilivyokuwa nikiisimulia. Lakini angalia tarehe. Harper alikubaliana na Philadelphia mwisho wa Februari. Nationals walikuwa wamemsaini mrushaji Patrick Corbin mwanzoni mwa Desemba, miaka sita, dola milioni 140. Kabla ya Desemba walikuwa tayari wamepata wadakaji wawili, Kurt Suzuki aliyekuwa huru na Yan Gomes waliyembadilishana na Cleveland. Kisha wakamchukua mrushaji Aníbal Sánchez na mpigaji Brian Dozier, wote kwa mikataba mifupi. Yaani wakati magazeti yote yanauliza Harper ataenda wapi, wao walikuwa wanaorodhesha mashimo: msimu uliopita walishinda mechi 82 na kupoteza 80 wakiwa na Harper, hawakuwa na mrushaji wa tatu wa kuaminika nyuma ya Max Scherzer na Stephen Strasburg, na nafasi ya mdakaji ilikuwa inavuja. Kumbakisha Harper kusingeziba hata moja.

Na kwenye eneo la nje, alikosimama Harper, kulikuwa tayari na watu watatu. Adam Eaton alikuwapo. Victor Robles, miaka 21, alikuwa amepikwa kwa ajili ya katikati. Na kushoto alikuwapo Juan Soto, Mdominika waliyemsaini akiwa na miaka 16, aliyepanda Mei 2018 akiwa na 19 na kupiga kama mtu wa 30. Mwaka 2019 Soto alilipwa chini ya dola 600,000. Ukimweka Harper pale, mmoja wa vijana hawa anakaa benchi, na Corbin humpati.

Si kwamba walipatia kila kitu. Kama walijua uwezekano wa Harper kuondoka ni mkubwa, Julai 2018 ndiyo ilikuwa siku ya kumbadilisha apate kuleta vijana watatu wanne. Hawakufanya hivyo, na alipoondoka waliambulia nafasi moja ya kuchagua kinda, tena ya chini. Walimsaini pia Trevor Rosenthal awe mrushaji wa dakika za mwisho. Mara nne za mwanzo alizoingizwa hakumtoa mpigaji hata mmoja. Hata mmoja! Mama alikuwa anazima redio akisikia jina lake.

Tarehe 2 Aprili 2019 Harper alirudi Washington na jezi ya Philadelphia. Nilikwenda. Mvua ilichelewesha mechi, tukakaa chini ya paa tukinywa bia ghali. Mbele yangu alikaa baba mmoja na mwanawe wa kiume, wote wamevaa jezi namba 34, wamebandika utepe juu ya jina. Harper alipotangazwa uwanja mzima ulizomea. Scherzer alimtoa mara mbili kwa mikwaju mitupu, na kelele zake sijazisikia tena popote, labda Taifa siku ya watani. Halafu mwishoni, mechi ikiwa imeshaharibika, Harper aliupeleka mpira juu jukwaani kama anautuma posta, akaurusha mkongojo wake hewani, wakashinda 8 kwa 2. Yule baba hakuzomea tena. Alikaa. Kwenye treni nikarudi nikijiuliza kama Mama alikuwa na haki.

Mwishoni mwa Mei timu ilikuwa imeshinda 19 na kupoteza 31. Watu walitaka kocha afukuzwe, Rizzo afukuzwe, kila kitu kiuzwe. Hawakuuza. Walimwacha Rosenthal aende, mwisho wa Julai wakamleta Daniel Hudson kutoka Toronto, na kuanzia hapo mnajua, au hamjui: walimaliza na ushindi 93, wakaingia mtoano kwa mlango wa nyuma, wakawatoa Milwaukee, Los Angeles na St. Louis, na tarehe 30 Oktoba, Houston, wakachukua ubingwa katika mechi ya saba. Mechi zote saba za fainali ile zilishindwa na mgeni. Corbin, yule wa Desemba, aliingia mechi ya mwisho akarusha vipindi vitatu bila kufungwa. Hudson akamalizia. Tuliangalia sebuleni kwa Mama, ambaye aliomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alilia. Hakumtaja Harper.

Desemba nikarudi Dar na somo langu mkononi: mwenye mshahara mkubwa aondoke, vijana wapewe nafasi, moyo uwekwe pembeni.

Sasa turudi kwenye Excel. Majina mawili ya kwanza hayakunisumbua. Jina la tatu lilikuwa la mhariri msaidizi wetu, mzee wa miaka 58. Ndiye aliyekuwa anapitia kila habari kabla haijakwenda kupangwa kurasa. Alikuwa na mshahara mkubwa kuliko wote pale dawatini ukimtoa mhariri. Mshahara wake ulitosha vijana wawili na chenji. Na safu ya mwisho, idadi ya habari kwa mwezi, kwake ilisoma sifuri, kwa sababu yeye hakuandika habari, alizisahihisha.

Zangu alizisahihisha tangu nikiwa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo. Alitumia kalamu nyekundu hata baada ya wote kuhamia kwenye kompyuta. Alichapa habari yako, akaichora, akakurudishia. Nilikuwa na ugonjwa wa kuandika "lengo na madhumuni". Kila mara alikata "na madhumuni" na pembeni akaandika: "Moja linatosha." Sikuacha. Hata chuo kikuu Maryland, nikiandika Kiingereza, nilikuwa nautafuta ule wekundu pembeni mwa ukurasa.

Niliandika jina lake. Chini nikaongeza aya ya maelezo, kwa lugha ya kitaalamu niliyoiokota kule. Bosi aliisoma, akasema safi sana. Wiki mbili baadaye barua zilitoka kwa uongozi. Mzee alikusanya kamusi zake mbili na kalamu, akatupa mkono mmoja mmoja. Kwangu alisema, "Haya mwanangu, kazi njema." Nikasema, "Asante, mzee. Shikamoo." Nilitoa shikamoo wakati wa kuaga, kama mtoto.

Nilichukua muda kugundua nilikosoma vibaya. Nationals wa 2019, hao ninaowasifia kwa kuacha vitu vya zamani, walikuwa na kikosi chenye wastani mkubwa wa umri kuliko timu zote 30 za ligi. Scherzer mwenyewe, 35, aliwaita wenzake Los Viejos, yaani wazee. Ryan Zimmerman, kinda wa kwanza kabisa kuchaguliwa na klabu hiyo mwaka 2005, alikuwa na 35 alipoupeleka mpira jukwaani mechi ya kwanza ya fainali. Suzuki 36. Fernando Rodney alikuwa na 42, bwana, anarusha mpira kwenye World Series.

Na Howie Kendrick. Mei 2018 alikatika mshipa wa kisigino, akiwa na miaka 34. Kwa Excel yangu huyu ni safu nyekundu toka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa na mkataba wa miaka miwili wa dola milioni saba jumla, fedha ambayo Harper angeipata kwa miezi michache. Wakambakisha. Tarehe 9 Oktoba 2019, Los Angeles, kipindi cha kumi, vituo vyote vitatu vimejaa, aliuvusha mpira ukuta wa katikati ukaleta alama nne kwa pigo moja. Akawa mchezaji bora wa hatua iliyofuata. Na mechi ya saba Houston, Nationals wakiwa nyuma kwa alama moja, aliupiga mpira kulia ukagonga nguzo ya njano ya mpakani. Sauti ya ule mpira kwenye nguzo ilisikika mpaka kwenye televisheni ya Mama. Hapo ubingwa ulibadilisha mikono.

Kumbe umri haukuwa hoja, wala ukubwa wa jina. Hoja ilikuwa urefu wa mkataba na shimo linalobaki. Harper aliondoka kwa sababu nafasi yake ilikuwa imeshapata watu. Kendrick alibaki kwa sababu hakuna aliyeweza kufanya alichokifanya kwa bei ile, na kama angeishiwa nguvu, hasara ilikuwa ya mwaka mmoja. Ubingwa ulipokwisha walimpa mwaka mmoja tena, akacheza mechi 25, akastaafu, na hakuna aliyeumia. Mimi nilikuwa nimeuliza "analipwa ngapi?" na "ana miaka mingapi?" Sikuwa nimeuliza hata mara moja: akiondoka huyu, nani atasoma kurasa usiku?

Ili nisieleweke kwamba nasema moyo una haki daima, ngoja nimalizie habari ya Washington, maana majira ya baridi yaliyofuata ubingwa walifanya kosa la upande wa pili. Strasburg, mchezaji bora wa fainali, alikuwa na haki ya kuvunja mkataba uliobaki wa dola milioni 100. Akauvunja. Mlinzi wao wa kituo cha tatu, Anthony Rendon, naye alikuwa huru. Mmiliki alisema wazi kwamba hawawezi kuwalipa wote wawili. Wakamchagua Strasburg: miaka saba, dola milioni 245, Desemba 2019. Alikuwa na 31, na mkono wake ulikuwa umeshapasuliwa tangu 2010. Siku mbili baadaye Rendon akasaini na Angels wa California, miaka saba, dola milioni 245 vilevile. Mama alinipigia mkasi wa kicheko nikiwa nafunga begi: "Safari hii wameonyesha uungwana!"

Strasburg alianza mechi nane tu katika mkataba ule wote. Nane. Mishipa ya begani ikamwisha, akastaafu rasmi 2024. Na kabla hujasema basi wangemchukua Rendon: Rendon hajawahi kufikisha mechi 60 katika msimu mmoja na Angels. Jibu sahihi lilikuwa kuwaaga wote wawili kwa heshima na kutandaza fedha ile kwenye mashimo, kama mwaka uliotangulia. Lakini nani angesimama mbele ya mji wiki sita baada ya ubingwa aseme hivyo? Hata mimi na Excel yangu nisingethubutu. Walimlipa Strasburg kwa yale aliyokwisha kuwafanyia. Kama zawadi, ninaielewa. Kama mpango wa kikosi, iliwazuia kwa miaka.

Na mikataba mirefu nayo si sumu kila mara. Scherzer walimpa miaka saba na dola milioni 210 Januari 2015, akiwa na 30, na kila dola ilifanya kazi. Corbin alileta ubingwa mwaka wa kwanza, halafu akawa miongoni mwa warushaji waliopoteza mechi nyingi kuliko wote miaka iliyofuata. Milioni 140 kwa Oktoba moja: mimi ningesaini tena leo. Mpangaji mzuri anajua tangu siku ya kwanza kwamba miaka ya mwisho ya mkataba itakuwa mibaya, na anajiandaa kuwa na vijana wa bei nafuu wa kuibeba. Nationals hawakuwa nao. Timu zao za chini zilikuwa zimekauka. Julai 2021 wakawapeleka Scherzer na Trea Turner Los Angeles. Agosti 2022, baada ya Soto kukataa dola milioni 440, wakampeleka San Diego wakati bado ana zaidi ya misimu miwili mikononi mwao, na hilo, kwa uchungu wake wote, lilikuwa sahihi: safari hii hawakungoja aondoke bure. Kati ya waliokuja, CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood wote wamekwisha kuitwa kwenye mechi ya nyota. Mwaka huohuo walipoteza mechi 107. Rizzo mwenyewe alifukuzwa Julai 2025.

Sisi tulikaa miezi minane bila mzee. Februari 2021 Simba ilimfunga Al Ahly Dar, nchi ikawaka, tukatoa ukurasa mzima wa kumbukumbu ya fainali ya Kombe la CAF ya 1993. Kijana aliandika, mimi nikapitisha. Tuliandika kwamba Simba ilipoteza fainali ile kwa Asec Mimosas. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu simu ikaita meseji: "Ni Stella. Asec ni timu nyingine ya Abidjan. Nilikuwapo uwanjani. Mngeuliza tu." Hakuweka alama ya mshangao. Hakuwahi kuzipenda.

Sikumjibu. Nilishindwa nianzie wapi.

Mwaka huu nimepewa chombo kidogo cha mtandaoni nikiongoze, na bajeti ya watu wanne. Mwenye fedha alinishauri wote wawe vijana wenye kamera. Safari hii sikuanza na majina. Nilikaa wiki nzima nikiandika tutakosea wapi: nani atajua kuwa takwimu hii si ya kweli, nani atajua neno hili halisemwi hivi. Wapiga picha tunao tele, kila mtaa. Nikapunguza nafasi moja ya kijana kuwa nusu, nikabakiwa na fedha ya mtu mmoja wa kazi za jioni.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mbagala. Mzee amekonda, ana miwani mipya, bado ana kamusi zote mbili mezani. Tuliongea kuhusu Yanga, kuhusu magoti yake, kuhusu vijana wanaoandika "swala" wakimaanisha suala. Nikamweleza kazi. Kisha nikasema lile lililonipeleka kweli, kwamba jina lake mwaka ule niliandika mimi.

"Najua," alisema.

Nikamuuliza amejuaje, maana karatasi ile tuliiona mimi na bosi tu.

Akanyanyuka, akafungua droo, akatoa barua ya kuachishwa kazi. Uongozi ulikuwa umenakili aya yangu vilevile ilivyo. Mstari wa pili ulisema hatua hii imechukuliwa kwa lengo na madhumuni ya kupunguza gharama. Maneno "na madhumuni" yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu.

Nilitazama chini. Yeye akaikunja barua, akairudisha, akaniuliza mkataba wenyewe ni wa muda gani.

"Mwaka mmoja, mzee."

"Miwili," akasema, na akaniita mjukuu wake alete chai.